Toka Bibi hadi Mama: Maneno ya Kumheshimu Mwanamke Mzee katika Historia ya Kiswahili, Pwani na Kongo

0. Utangulizi

Mwanafunzi wa Lubumbashi anayesoma hadithi iliyochapishwa Dar es Salaam hukutana mapema na sentensi ya namna hii: «Juma alikwenda kijijini kumsalimu bibi yake.» Kwa msomaji wa Dar es Salaam, Juma ni kijana aliyekwenda kumwona mama wa mama yake au mama wa baba yake. Kwa msomaji wa Katanga, Juma ni mwanamume aliyerudi kwa mke wake. Wasomaji wote wawili wanajua Kiswahili, na kila mmoja amesoma sawasawa kwa kadiri ya Kiswahili alichokulia.

Walimu wengi huimaliza tofauti hiyo kwa neno moja: wanasema kwamba Kiswahili cha Kongo «kimeharibu» maana ya neno. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halina msingi katika historia. Neno bibi lilipoanza kutumika pwani halikuwa jina la umri, wala halikuwa jina la ukoo. Lilikuwa jina la daraja. Daraja hiyo ilipovunjika, kila jamii iligawa urithi wa neno kwa njia yake: pwani ikampa nyanya, Kongo ikampa mke. Ndipo Kongo ikalazimika kumtafutia mwanamke mzee jina jingine la heshima, ikampa mama. Tutafuata safari hiyo hatua kwa hatua, kisha tutauliza ni mwanamke yupi aliyebaki bila jina la heshima katika mgawanyo huo.

1. Heshima ya daraja: mwana, nana, siti, bibi

Katika miji ya kale ya pwani, kuanzia Pate na Lamu hadi Mombasa, mwanamke wa ukoo mkubwa alitajwa kwa neno mwana mbele ya jina lake. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi kuwa mtawala wa mji katika zama za mwanzo. Pate ilitawaliwa na Mwana Khadija katika karne ya 18. Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi mashuhuri mwaka 1858. Msomaji wa leo, anayejua mwana kwa maana ya mtoto, hushangaa kuona neno hilo likibeba utukufu. Lakini mtoto anayekusudiwa hapa ni mtoto wa watu, yaani aliyezaliwa na waungwana. Nasaba ndiyo iliyompa mwanamke jina, umri haukuhesabiwa. Msichana wa ukoo mkubwa alikuwa Mwana, na mwanamke mtumwa hakuwa Mwana hata akizeeka hadi nywele zikawa pamba.

Kando ya mwana lilikuwapo neno nana, lililotumika katika Lamu na visiwa vya jirani kwa maana ya bibi mwenye nyumba. Kutoka Kiarabu likaja siti, ambalo asili yake ni kusema «bimkubwa wangu». Neno bibi lenyewe ni la Kiajemi. Huko lina maana ya mwanamke mtukufu, na pia maana ya nyanya. Lugha ya Kiurdu, iliyolipokea kutoka Kiajemi, ina bibi kwa mwanamke wa heshima na biwi kwa mke. Kwa hiyo maana tatu zinazotusumbua leo, yaani mwanamke mtukufu, nyanya na mke, zilikuwa zimekwisha kukaribiana upande wa pili wa bahari. Kiarabu cha Shamu na cha Misri kinatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo, kwani huko sitti, neno lile lile lililozaa siti yetu, humaanisha nyanya yangu. Tunaona basi kwamba njia itokayo kwa bimkubwa kwenda kwa nyanya ni njia iliyopitwa na lugha nyingi.

Unguja ya karne ya 19, chini ya Seyyid Said na wanawe, bibi lilikuwa neno la mtumwa kwa mwanamke aliyemmiliki, kama bwana lilivyokuwa neno lake kwa mwanamume aliyemmiliki. Jozi hiyo, bwana na bibi, tuikumbuke; tutakutana nayo tena Katanga.

2. Kutoka daraja hadi umri

Tarehe 6 Aprili 1897 sultani wa Zanzibar alitia sahihi amri iliyoondoa utumwa katika sheria. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Amri kama hiyo haibadilishi ulimi wa watu kwa siku moja, lakini huondoa nguzo iliyoshikilia neno. Ikiwa hakuna tena mtumwa, nani aseme bibi, na amwambie nani?

Pwani ilijibu kwa kulitawanya neno. Sehemu ya kwanza ilipanda ngazi ya ukoo: bibi akawa nyanya, mtu pekee ambaye bado anaweza kuamrisha nyumba nzima bila kupingwa. Sehemu ya pili ikafupishwa kuwa Bi, ikawekwa mbele ya jina la mwanamke yeyote mtu mzima, hata katika anwani za barua na majina ya maofisini, pamoja na Bw. kwa wanaume. Sehemu ya tatu ikabaki katika hotuba, pale msemaji anapoanza kwa «mabibi na mabwana».

Maisha ya Siti binti Saad yanaonyesha mabadiliko hayo kwa uwazi kuliko kamusi yoyote. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, akapewa jina la Mtumwa. Alikuwa maskini na muuza vyungu. Sauti yake ilipomwinua katika uimbaji wa taarabu, na baadaye kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri, watu walimwita Siti. Mtu mmoja alitoka katika neno la chini kabisa la daraja ile akafika katika neno la juu kabisa, bila kubadilisha nasaba yake. Alipofariki mwaka 1950 heshima ya mwanamke ilikuwa imepata mlango mwingine: kazi yake mwenyewe. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wake, alilihifadhi tukio hilo katika fasihi.

Tanganyika nayo ilimpata Bibi Titi Mohamed, aliyezaliwa mwaka 1926. Alipoanza kuwakusanya wanawake katika chama cha TANU mwaka 1955 alikuwa hajatimiza miaka 30, lakini umma ulimwita Bibi. Hapa pia umri haukuwa sharti. Neno lilikuwa limebeba uongozi, kama lilivyokuwa limebeba umiliki hapo kale, ila safari hii kiongozi alipewa jina na watu aliowaongoza.

3. Safari ya neno bibi kuja Kongo

Kiswahili kiliingia Kongo ya mashariki pamoja na misafara ya pembe na watumwa. Katikati ya karne ya 19 njia iliyotoka Bagamoyo ikapitia Tabora na Ujiji ilikuwa imevuka Tanganyika na kufika Maniema. Livingstone alikuwa Nyangwe mwaka 1871. Stanley alipita mwaka 1876. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, aitwaye Tippu Tip, alijenga utawala wake Kasongo na nchi za jirani.

Katika maisha yake aliyoyasimulia kwa Kiswahili, Tippu Tip anaeleza jinsi alivyopata utawala katika nchi ya Watetela. Alidai kwamba nyanya yake alikuwa dada wa mtemi wa huko, aliyetekwa zamani na kuchukuliwa mbali. Mtemi akampokea kama mjukuu aliyerudi, akamwachia nchi. Madai hayo yalikuwa hila, lakini hila hutumia mlango uliopo. Tippu Tip alijua kwamba katika nchi ile nyanya aliyepotea alikuwa na nguvu ya kuhalalisha mtawala.

Maana yake ni kwamba Kiswahili hakikukuta uwanja mtupu. Nchi hizi zilikuwa na majina yake ya wanawake wakuu. Katika himaya ya Lunda, Lukonkeshia alikuwa mama wa mfalme kwa cheo, akiwa na baraza lake na kodi yake. Aliyeshika cheo hicho hakulazimika kuwa ndiye aliyemzaa Mwant Yav. Katika Rwanda ya jirani, mama wa mfalme aliitwa umugabekazi, na Kanjogera, mama wa Musinga, alitawala pamoja na mwanawe tangu mwaka 1896. Vyeo hivyo vilikuwa na sifa moja na mwana na bibi za pwani: vilitaja mahali pa mtu katika mpangilio wa jamii.

Vita vya miaka 1892 hadi 1894 kati ya Dola Huru ya Kongo na Waarabu viliwaondoa mabwana wa misafara, lakini lugha yao ilibaki. Kisha likaja jambo lililoamua hatima ya neno letu. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Elisabethville ukaanzishwa mwaka 1910. Wafanyakazi walitoka pande nyingi: Kasai, Maniema, Rwanda na Burundi, na Rhodesia ya Kaskazini walikotoka wasemaji wengi wa Kibemba. Kiswahili kikawa lugha ya kazi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni iliacha kutegemea wanaume wa muda mfupi, ikaanza kuwaweka wafanyakazi kambini pamoja na wake na watoto wao.

Tuangalie viti vya heshima katika mji huo mpya. Mwanamke aliyemiliki nyumba na kuamrisha watumishi alikuwa mke wa Mzungu, naye alikuwa na jina lake la Kifaransa, madamu. Nyanya hakuwapo kambini kwa kawaida, kwa kuwa alibaki kijijini. Na alipotajwa, alitajwa kwa jina la lugha ya nyumbani. Ndiyo sababu Lubumbashi husema nkambo hadi leo, kwa babu na nyanya vilevile, neno lililotoka katika lugha za Kibantu za eneo lenyewe. Hivyo viti viwili vya bibi wa pwani, cha mwenye nyumba na cha nyanya, vilikuwa tayari vina wenyewe. Kilichobaki wazi kilikuwa kiti cha mwanamke wa nyumba ya mfanyakazi, mke aliyetambuliwa na kuandikwa pamoja na mumewe.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo bibi ya Kongo ilipotulia. Haikutulia peke yake. Bwana nayo, pamoja na kumtaja Mzungu, ilikuja kumaanisha mume: mwanamke wa Lubumbashi husema bwana yangu, na mwanamume husema bibi yangu. Jozi ya kale ya pwani imehifadhiwa nzima, imehamishwa tu kutoka uhusiano wa umiliki kwenda uhusiano wa ndoa. Aliyeharibu lugha asingehifadhi jozi kwa ulinganifu huo. Zaidi ya hayo, mtu aliyesema bibi yangu mahali pa mke wangu alikuwa anachagua neno la adabu. Heshima ilikuwamo tangu mwanzo, ila mazoea yameifanya isisikike tena.

Matokeo yake yanaonekana hata kanisani. Tafsiri ya Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 inamtaja Loisi kuwa bibi wa Timotheo. Msikilizaji wa Kongo asiyeelekezwa atadhani kwamba mtume anamsifu mke wa kijana huyo.

4. Mama juu ya kiti kilichoachwa wazi

Kwa kuwa bibi amekuwa mke, Mkongo hawezi kumwita mwanamke mzee asiyemjua bibi bila kumvunjia heshima. Humwita mama. Neno hili ni la Kibantu, halikuhitaji kuvuka bahari, na lina upana wa ajabu. Mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama Ilunga, Mama Furaha. Dada wa mama ni mama mkubwa au mama mdogo. Na hata mtoto wa kike aliyepewa jina la nyanya yake huitwa mama nyumbani, kwa sababu nyanya amerudi ndani yake. Mtoto wa miaka mitatu anapoitwa mama, anayeheshimiwa ni mwanamke mzee aliyempa jina.

Dola ya Mobutu ilijaribu kupanga upya majina ya heshima. Nchi iliitwa Zaire mwaka 1971, majina ya Kikristo yakakatazwa mwaka 1972, na mahali pa monsieur na madame kila mtu akatakiwa kuwa citoyen au citoyenne, yaani mwananchi. Tanzania ilikuwa imeingia njia inayofanana nayo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, iliposhika neno ndugu kwa wanaume na wanawake sawa. Maneno yote mawili yalikusudiwa kusawazisha watu. Yote mawili yalishindwa mbele ya mwanamke mzee. Watu walimwita mwenzao wa ofisini citoyenne, lakini hawakumwita hivyo mama wa rafiki yao. Dola yenyewe ilikiri jambo hilo: hospitali kuu ya Kinshasa ilipewa jina la Mama Yemo, mama mzazi wa Rais, na jina hilo lilidumu hadi mwaka 1997. Huko Tanzania mke wa Mwalimu Nyerere alijulikana kwa umma kama Mama Maria. Mwaka 1990 siasa ya chama kimoja ilipovunjika, citoyenne ilianza kufifia, mama haikuguswa.

Tusidhani hata hivyo kwamba mama imechukua mahali pa bibi bila kubadilisha chochote. Bibi ya kale ilimheshimu mwanamke kwa nasaba au mamlaka, na Siti aliheshimiwa kwa sanaa yake. Mama humheshimu kwa uzazi, hata pale inapotumika kwa asiyezaa. Mwanamke tasa anayeitwa mama hupokea heshima, lakini huipokea kwa mkopo wa jambo ambalo jamii inamdai. Neno lililo pana kuliko yote lina mlango mwembamba.

5. Mzee na kizee

Limebaki swali la umri wenyewe. Kiswahili kina neno la kumheshimu mtu kwa umri wake bila kuuliza nasaba wala uzazi: mzee. Kwa sarufi halibagui, kwani ngeli ya m-/wa- haina jinsia. Kwa matumizi linabagua sana. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee. Laurent-Désiré Kabila, aliyetawala Kongo tangu mwaka 1997 hadi alipouawa Januari 2001, aliitwa Mzee, na neno likawa karibu sawa na cheo. Mwanamke hupata mzee ikiwa imeegemezwa tu: mama mzee, bibi mzee. Likisimama peke yake mbele ya jina, msikilizaji humfikiria mwanamume.

Neno linalosimama peke yake kwa mwanamke ni kizee. Kiambishi ki- hapa ni cha kudunisha. Msemaji mwenye adabu atasema «kizee huyu amekuja», akirudisha upatanisho wa watu. Mwenye dharau atasema «kizee hiki kimekuja», na sarufi yenyewe itakuwa imemtoa mtu katika kundi la watu. Pwani wanalo pia neno bikizee, ambalo lina mgogoro wote ndani yake: bi inapandisha, ki- inashusha. Ajuza, kutoka Kiarabu, na kikongwe humwelekea mwanamke huyo huyo katika hadithi, na mara nyingi hadithi hiyo ina uchawi ndani yake.

Hapa suala letu linatoka katika maktaba. Usukumani, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, wanawake wazee wameuawa kwa miaka mingi kwa kushukiwa uchawi, na macho mekundu, ambayo moshi wa jikoni huyaleta, yakahesabiwa kuwa ushahidi. Katika Kivu ya Kusini, mwaka 2021, wanawake kadhaa, wengi wao wazee, waliuawa kwa tuhuma kama hizo. Hatusemi kwamba neno huua. Umaskini, vita, magonjwa yasiyoelezwa na ukosefu wa mahakama ndivyo vinavyofungua njia. Lakini kabla ya kushtakiwa, mtu huondolewa jina. Aliyekuwa Mama Fulani huanza kutajwa kama kile kizee. Watoto waliompa jina la heshima wamekufa au wamehama, na hakuna neno jingine linalomshikilia. Mwanamume wa umri wake bado ni mzee hata akiwa maskini na mpweke. Mwanamke hana neno la namna hiyo.

6. Hitimisho

Kutokana na yaliyosemwa, tunaona mambo matatu. Kwanza, bibi kwa maana ya mke haistahili kuitwa kosa katika madarasa yetu: ni tawi halali la neno la daraja, kama nyanya ilivyo tawi jingine. Kamusi inayotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa Kongo iweke maana zote mbili bega kwa bega, ikitaja mahali pa kila moja. Mwalimu naye amwambie mwanafunzi mapema, asije akamwelewa Juma vibaya hadithi nzima. Pili, mama imefanya kazi ya heshima kwa uaminifu kuliko maneno yaliyoagizwa na serikali, lakini msingi wake ni uzazi, na wanaisimu wanapaswa kuueleza wazi msingi huo. Tatu, pengo la kweli liko kwa mwanamke mzee asiye na mtoto wa kumpa jina.

Wanafunzi wetu wanatoka katika jamii zilizokuwa na njia za kuliziba pengo hilo. Lukonkeshia aliitwa mama kwa cheo, bila kuulizwa alimzaa nani. Kibemba huweka kiambishi cha wingi ba- mbele ya jina la mtu mmoja ili kumheshimu, awe na watoto au asiwe nao. Kazi inayofaa kwa tasnifu za lisansi za miaka ijayo ni kukusanya, lugha kwa lugha, maneno ambayo kwayo wanawake wazee huitwa: nani huyasema, mbele ya nani, na ni wakati gani yanapoacha kusemwa. Orodha hiyo ikipatikana kutoka Uvira, Kindu, Kalemie na Kolwezi, tutajua Kiswahili chetu kimehifadhi nini ambacho pwani haikukihifadhi. Na wakati kazi hiyo ikisubiri, hakuna sarufi inayomzuia mtu kusema mzee kwa mwanamke, pamoja na jina lake, kama asemavyo kwa mwanamume.